Mpishi Mwenye Nusu ya Kitabu

Mwaka nilioingia jikoni, watu wa Migori walikuwa wanakula mgongo wazi. Nyinyi wapishi mliokuja nyuma yangu hamjui, basi niwaambie. Viwanda vilichukua minofu ya mbuta vikaipeleka ng'ambo, na sisi wenye ziwa tukabaki na kichwa, mkia, na mfupa wa katikati uliokwanguliwa. Ni samaki aliyevuliwa shati. Tulimkaanga hivyo hivyo, tukamnyonya mpaka mfupa ukalia. Ukimwuliza mtu wa rika langu jambo fulani lilitokea lini, atakuambia "mwaka wa mgongo wazi", na mwenzake ataelewa bila kuangalia kalenda.

Mmeniomba niandike juu ya kazi. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hivyo mkikuta herufi imeanguka, iinueni mwendelee. Mambo ya cheo sitaandika. Cheo kilikuja kikanikuta ninakoroga uji, nikaendelea kukoroga. Nitaandika juu ya mwiko, juu ya Mzee Athumani, juu ya wasichana wetu wa voliboli, na juu ya mwanamke mmoja wa Homa Bay aliyenitia wivu mpaka maziwa yakanichemkia yakamwagika. Huyo ndiye sababu ya karatasi zote hizi.

Nilikuja kupika chuoni nikiwa bibi tayari, mwenye wajukuu wawili na meno yote. Kabla ya hapo nilikuwa naanika omena, dagaa wa ziwani, kule Sori, na muda fulani Remba, kisiwa ambacho watu wamebanana hata kivuli chako kinakanyagwa. Bwana wangu alipofariki nikapanda juu Migori, nikaandikwa hapa. Chuo kilikuwa kidogo kuliko mnavyokiona leo. Mtu akipiga chafya bwenini, jikoni tunamwambia pole.

Siku ya kwanza mpishi mkuu, Mzee Athumani, alinipa mwiko mrefu kama kasia. Alikuwa Mwislamu kutoka Mombasa aliyeoa Migori akasahau kurudi.

"Nyar Sori," akaniita, yaani binti wa Sori, kwa vile nimezaliwa huko, "umewahi kusonga ugali wa watu mia na hamsini?"

"Mzee, mimi nimepika ugali tangu nijue kusimama."

"Sikuuliza kupika. Nimeuliza kusonga."

Nikaona ananidharau. Nikamwaga unga wote kwa mkupuo kama ninavyofanya nyumbani. Ugali ukaiva nje, ndani ukabaki na madonge ya unga mkavu, makubwa kama mayai ya bata. Wanafunzi waliyatoa wakayapanga mezani kwa mstari. Mzee Athumani hakunipigia kelele. Alisema tu, "Leo wamekula ugali wenye watoto," akaenda kuswali.

Kesho yake akanifundisha, nami nawaachia nyinyi. Kwanza pika uji mwepesi, uache uchemke mpaka urushe matone. Unga uingie kidogo kidogo. Na mwiko hausukumwi kwa mkono, unasukumwa kwa kiuno, mguu mmoja mbele. Ukisonga kwa mkono, utastaafu kabla ya kiwiko chako kufika miaka arobaini.

Alinifundisha Kiswahili pia, bila kuombwa. Chake kilikuwa kimenyooka kama nguo ya pasi. Changu kilikuwa cha soko la samaki. Nikisema "kitabu yangu", anaweka kisu chini. "Kitabu changu, mama. Hata kitabu kina heshima yake." Ilinibidi niwe na kitabu ndiyo nijue anasema nini.

Nilikipata Oyugis. Nilikuwa nimetumwa kununua vikombe na maharagwe, nikasimama kwa mama mmoja wa njugu. Alikuwa anachana ukurasa, anausokota kama pembe, anajaza njugu. Nilipomaliza zangu nikakunjua ile karatasi nipanguse mikono, nikasoma: mwanamke aitwaye Tabu ameshuka kwenye treni, stesheni ndogo isiyo na watu, amevaa gauni jekundu, amekumbatia kasha lenye kufuli, na hasemi neno. Yawa! Nilisahau maharagwe.

"Mama, hizo kurasa nyingine zote nipe."

"Na njugu nifunge kwa nini? Kwa nywele zangu?"

Nilikuwa na magazeti ya zamani niliyofungia vikombe vya chuo. Nikampa. Akayapima kwa macho, akaona gazeti ni pana, akakubali. Kitabu hakikuwa na jalada wala jina. Kilikuwa kimekatwa mgongoni kwa kisu, mara moja, kama mkate.

"Nusu ya nyuma iko wapi?"

"Nimempa dada yangu, naye anauza kule stendi."

Nilikimbia stendi. Dada alikuwa ameshauza njugu zote, ameenda nyumbani. Nikarudi Migori na nusu ya mbele, na vikombe vitano vilivyovunjika.

Sasa hadithi ni hii, niwape kwa ufupi. Tabu anamwachia karani wa mizigo, kijana aitwaye Salehe, lile kasha alitunze, kisha anatoweka. Watu wanaanza kuja kulidai: tajiri mmoja, askari mmoja, mwanamke anayesema ni mama yake Tabu. Kila mmoja anataja kitu tofauti kilichomo ndani. Salehe anakataa wote. Mwishowe anapata ufunguo, anafunga mlango wa stoo, na ukurasa wangu wa mwisho unasema: "Salehe akazungusha ufunguo. Kufuli likalia. Akainua kifuniko, na ndani ya kasha". Basi. Hata nukta hakuna.

Niliisoma kwa sauti jikoni tukichambua maharagwe, Mzee Athumani akinifafanulia maneno magumu. Wa kwanza kuvutwa walikuwa wasichana wa voliboli, kwa sababu kiwanja chao kilikuwa nyuma ya banda letu la kuni. Nikawaambia, "Nyinyi chambueni, mimi nasoma." Tangu siku hiyo chuo hakikung'ata jiwe tena.

Timu ile hakuna aliyeijali. Wavulana wa kandanda walikuwa na viatu, jezi, na mji mzima ukija kuwapigia makofi hata wakifungwa. Wasichana walikuwa na mpira ulioshonwa na fundi viatu. Neti yao ilikuwa wavu wa mbuta niliopewa na kaka yangu Sori, wenye matundu ya kupitisha kichwa. Watazamaji tulikuwa watatu: mimi, Mzee Athumani na chai yake, na ng'ombe wa bawabu. Lakini niwaambie, nimeona mengi, na sijaona kitu kizuri kama Lilian akiruka kupiga. Lilian alikuwa kapteni, mrefu, mkimya. Alikuwa anapanda hewani anakaa kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kwenye rafu ya juu, halafu ndiyo anapiga. Gazeti halikuandika. Hasara ni ya gazeti.

Lile kasha nililifungua mimi mwenyewe. Muhula wa kwanza niliwaambia ndani kulikuwa na nguo za mtoto mchanga, wakalia machozi kwenye maharagwe. Muhula wa pili yalikuwa mawe. Wa tatu, kasha lingine dogo, nalo limefungwa, wakanirushia maganda.

"Mama, lakini ukweli ni upi?" Lilian akaniuliza.

"Ukweli ni ule ninaoupakua leo."

Wakaufanya wimbo wao. Kabla ya kila mechi wanaweka mikono pamoja, Lilian anaita, "Kasha lina nini?" Wenzake wanajibu kwa kishindo, "Litajulikana!" Timu za watu zilikuwa zinaogopa, zikidhani ni uchawi wa kwetu Nyatike. Mimi nikisikia, kifua kinajaa. Hakuna bibi Migori nzima aliyekuwa na wimbo wake uwanjani.

Halafu ukaja mwaka wa mvua ya El Nino, ule tuliokula muhogo asubuhi na jioni kwa sababu barabara zilikatika na unga haukufika. Michezo ya vyuo vidogo ikapelekwa Homa Bay, na kila chuo kikaambiwa kilete wapishi wake. Tulienda kwa lori la mchanga, mimi nimekalia sufuria kubwa.

Mpishi wa pale aliitwa Konsolata. Mnene, mweusi, mwanya mbele, akicheka anacheka na mabega. Nilimwonea wivu kabla hajasema lolote. Nilianza na jiko lake, la chuma, lenye bomba la kutolea moshi, wakati mimi nilikuwa na mawe matatu na macho mekundu. Nikaenda kwa aproni yake. Nikaonja omena yake nikitafuta mchanga, sikuupata. Nikaona wasichana wake wamevaa jezi za rangi moja. Nikajiambia, sawa, yote hayo anayo, lakini hana kasha.

Mchana ule ule Lilian akanijia mbio.

"Mama! Yule mpishi ana Tabu!"

"Kila mpishi ana tabu, nyathina, mwanangu. Leta maji."

"Si tabu ya shida! Tabu wetu! Na Salehe! Anawasomea wasichana wake wakimenya viazi!"

Nilienda na mwiko mkononi. Konsolata alikuwa amekalia kreti la soda, anasoma, sauti nzito kama uji wa wimbi. Karatasi ilikuwa ya manjano ile ile. Mkato wa kisu ulikuwa ule ule. Hata doa la mafuta ya njugu lilikuwa ndugu wa langu.

"Dada," nikasema, "hicho kitabu umekitoa wapi?"

"Kwetu Oyugis, kwa mama wa njugu pale stendi. Hakina kichwa, maskini. Kinaanza katikati ya sentensi."

"Kinaanza vipi?" Lilian akauliza, mdomo wazi.

Konsolata akalamba kidole, akafunua ukurasa wa kwanza, akavuta pumzi. Nikapiga sufuria yake kwa mwiko nisisikie, mpaka kuku wakaruka. Akanitazama. Akamtazama Lilian. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Kumbe wewe ndiye una kichwa chake! Yawa, kumbe tumeolewa na bwana mmoja! Karibu ndani, nyieka!"

Wasio Wajaluo kati yenu niwaeleze. Nyieka ni mke mwenza. Wivu tunauita nyiego. Maneno hayo mawili yametoka tumbo moja na yamenyonya ziwa moja. Aliniita kwa utani, lakini jina likanikaa kama gauni la fundi.

Akasema, "Sikiliza. Kesho baada ya chakula, kabla ya fainali, tuwakusanye watoto wote, wako na wangu. Wewe unasoma mpaka unapoishia, mimi napokea. Wasikie kitabu kizima. Mara moja tu, nyieka."

Wasichana wote walikuwa wananiangalia. Lilian alikuwa ameshika mikono yake kifuani. Nami niliona jambo moja tu. Mimi ni mpishi. Najua watu wakinyanyuka mezani wanamshukuru aliyepakua, hawamtafuti aliyeamka kuwasha moto. Mimi ningewasha, yeye angepakua. Nguo za mtoto, mawe, kasha dogo, vyote vyangu vingekuwa uongo wa bibi mmoja wa Sori. Sauti ya mwisho masikioni mwa Lilian ingekuwa ya Konsolata.

"Hapana, nyieka," nikasema. "Kasha langu nalifungua mwenyewe."

Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. "Haya," akasema. "Jiko langu halina komeo."

Kesho yake baada ya chakula, wasichana wangu wakaniponyoka mmoja mmoja. Huyu anaumwa tumbo, yule anafuata sabuni. Lilian peke yake hakudanganya. Alisema, "Mama, naenda kusikiliza," akasimama kidogo akingoja nimkataze. Sikumkataza. Nikabaki nasugua sufuria iliyokuwa safi tangu asubuhi. Kutoka upande wa pili nikasikia kimya kirefu, halafu kicheko, halafu kimya tena, halafu pumzi ya watu wengi ikitoka mara moja. Nikajua kifuniko kimeinuliwa.

Mzee Athumani akarudi akitembea kama mtu aliyeiba.

"Na wewe ulienda?"

"Nilienda kuomba chumvi."

"Ukakaa muda wote huo?"

"Chumvi yao iko mbali." Akakaa chini. "Lilian ndiye aliyewasimulia nusu yako. Kwa kichwa, karibu neno kwa neno. Hata pale unapokohoa, amekohoa."

Kwa hiyo Konsolata alipata mwanzo wangu bila kuuomba tena, kwa mdomo wa mtoto wangu, na kikohozi changu juu yake.

Ikafika fainali, sisi na wao. Wasichana wangu wakaweka mikono pamoja. Lilian akaita, "Kasha lina nini?" Hakuna aliyejibu. Walitazamana, mmoja akacheka, wengine wakainamisha vichwa. Litajulikana vipi, na wameshajua? Walicheza kama watu waliosahau majina yao. Wakashindwa seti ya tatu. Lilian akakaa chini katikati ya kiwanja akafunika uso kwa jezi.

Nami nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu mmeniomba niandike kazi, na ile pia ilikuwa siku ya kazi. Wasichana wangu wamelia na mimi moyoni nimepiga vigelegele. Nimemwambia Mungu habari hiyo mara nyingi. Sasa nawaambia nyinyi.

Jioni nikampakulia Lilian samaki mzima mwenye nyama, si mgongo wazi. Hakumgusa kwanza.

"Mama, sitakuambia. Na wenzangu nimewaapisha."

"Mimi nimeuliza?"

"Hujauliza. Najua."

Walishika kiapo. Tukarudi Migori, Lilian akamaliza chuo, akaenda kufundisha. Wakaja wasichana wapya wasiojua lolote. Nikawasomea, nikawafungulia kasha kwa namna mpya, na wimbo ukarudi uwanjani. Lakini sikuwa na amani. Homa Bay yote ilikuwa inajua. Mwuza samaki kutoka kule akianza tu, "Mama, eti lile kasha," napiga sufuria mpaka anyamaze. Mnaijua ile sufuria kubwa iliyobonyea upande mmoja, mnayoulizana ilianguka wapi. Haikuanguka.

Mzee Athumani akastaafu, akaniachia mwiko. Aliniambia, "Wewe ungekuwa mchuzi, ningesema umezidi chumvi." Nikamwambia ya kwake iko mbali. Tulicheka mpaka mkewe akatoka nje kuangalia.

Karne mpya ilipokuwa imeshaota meno, zamu yangu ya kustaafu ikafika. Mnaikumbuka siku ile, nyinyi ndio mlichinja mbuzi. Lakini mlikuwa mnahangaika na moto, hamkuona vizuri. Lilian alikuja, amenenepa, mwalimu kabisa. Alimleta mtu bila kuniambia. Konsolata alishuka garini taratibu akipapasa njia kwa fimbo. Mabega yalikuwa yale yale. Macho yalikuwa yameingia ukungu.

"Nyieka yuko wapi? Nasikia harufu ya maharagwe yake."

"Yangu hayanuki," nikasema.

"Ndiyo huyo!" Akacheka. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso, akakiweka mapajani pangu. "Chukua. Mimi kitabu hakinisaidii tena, macho yamekataa. Ni chako sasa, chote."

Mkono wangu ulitoka kidogo. Niliuona ukitoka, nikaurudisha kwenye aproni. Nikachukua ile leso, nikamrudishia kwenye mapaja yake.

Nilidhani ataondoka na hasira. Akajiweka sawa kwenye kiti. "Basi nisomee wewe," akasema. "Nusu yako niliisikia kwa mtoto tu. Kwako sijaisikia hata siku moja."

Nani aliyewahi kuniomba hivyo? Nikaingia jikoni, nikaitoa nyuma ya pipa la unga. Nikaanza na ule ukurasa wenye mikunjo ya njugu. Niliacha chakula kipoe, jambo ambalo sijalifanya tangu niandikwe kazi. Konsolata alisikiliza kichwa kikiwa upande, mikono miwili juu ya leso yake.

Nilipofika kwenye gauni jekundu akaniinulia mkono.

"Gauni jekundu?"

"Jekundu. Limeandikwa hapa."

"Yule mtoto hakulitaja. Na kwangu hakuna rangi hata moja." Akakaza mdomo. "Miaka yote hii nimemwona Tabu na gauni la kijani."

Nikamwangalia usoni. Niliitambua. Nyiego ile mimi naijua kama ninavyojua chumvi, na pale ilikuwa imekaa kwenye uso wa mwanamke mwingine, kwa sababu ya kitu changu. Nikashiba bila kula mbuzi. Nikasogeza kiti karibu yake, nikasoma polepole zaidi, nisiache hata rangi moja.

Nilisoma tajiri, nikasoma askari, nikasoma mama wa uongo. Nikafika stoo. Salehe akazungusha ufunguo. Kufuli likalia. Akainua kifuniko, na ndani ya kasha.

Nikalaza karatasi mapajani. Konsolata alikuwa ameinama mbele, midomo imeshajipanga, neno liko kwenye ncha ya ulimi.

"Niendelee, nyieka? Ni neno moja tu."

"Hapana, nyieka. Kasha langu nalifungua mwenyewe."